Swali Nililouliza Mbele ya Mkwe

Miaka ya tisini, katika hospitali ndogo niliyofanyia kazi huku Kakamega, kazi ya kuwatia ganzi wagonjwa wa upasuaji ilikuwa yangu peke yangu. Daktari wa kupasua alikuwa na wauguzi wa kupiga nao soga. Mimi hata chai niliinywa na ukuta. Upweke ule ulinitafuna, sifichi.

Asubuhi moja akaletwa mkata miwa kutoka Butali, henia, yaani ngiri, imembana. Nilitaka kumchoma sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi tumbo na miguu huku mtu yu macho. Lakini mtu ambaye damu yake haigandi upesi hachomwi hiyo. Damu huweza kuvujia ndani ya mgongo, ikabana mishipa ya fahamu, na miguu isirudi tena. Kwa hiyo lazima tuulize.

"Ndugu, ukikatwa, damu inakawianga kukauka?"

Alimtupia jicho baba mkwe wake, aliyemleta, na ambaye alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda.

"Aa, daktari. Mimi sinanga shida hiyo."

Jamani, nami ni Mluhya wa papa hapa, nimetahiriwa papa hapa! Nilijua fika hakuna mwanamume wa kwetu atakayekiri mbele ya mkwe kwamba kisu kilimtoa damu ikakataa kukoma. Atadhaniwa si mwanamume kamili. Nilijua, na bado niliona haya kumwambia mzee, "Tupishe kidogo." Mjinga mimi!

Nikamchoma, henia ikatengenezwa. Alasiri miguu ilikataa kuamka. Nikabonyeza vidole vyake, nikamwambia avute subira, nikatoka, nikarudi. Mzee alipokwenda kununua maziwa ndipo mgonjwa akaninong'oneza: alipotahiriwa alivuja damu wiki nzima. Tulimkimbiza hospitali kubwa. Walipomfungua mgongo, muda ulikuwa umepita.

Wiki kadhaa baadaye alikuja kuangaliwa kidonda, mkwe wake akimsukuma kwa kigari cha magurudumu. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, daktari. Bila wewe huyu tungemzika."

Mgonjwa aliinamisha kichwa. Yeye aliogopa nitaitoa siri yake, nami niliogopa ataitoa yangu. Nikazipokea zile asante, zote.