Kabati la Watu Wanne

Gaspar ni fundi seremala hapa Kiwalani, na kwa muda mrefu karakana yake ilikuwa na kabati moja. Sisemi moja baada ya jingine. Moja lile lile: milango miwili, mbao za mninga, limepigwa msasa likalainika, ila halina vanishi. Mimi nauza misumari, gundi na vanishi mlango wa pili, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko padri wake.

Mteja akija kuulizia kazi yake, Gaspar alimshika mkono na kumpeleka mbele ya kabati. "Hili hapa lako. Bado vanishi tu." Mteja alilipapasa, akafungua mlango, akafunga, akaondoka ameridhika. Kesho yake alikuja mwingine, akaonyeshwa hilo hilo. Mwalimu Stanley aliambiwa ni lake. Blessing wa saluni aliambiwa ni lake, mpaka akalipiga picha na kuwarushia ndugu zake. Mzee Gulamabbas, mwenye duka la vyombo kule Kipawa, aliambiwa ndilo la binti yake Lubaba anayeolewa. Na mimi mwenye vanishi sikuwa nimeulizwa hata kikopo.

"Gaspar, hivi huoni aibu?" nilimuuliza siku moja.

"Da Gladness, hiyo ndo biashara. Nikijaza makabati humu ndani ntafanyia kazi wapi? Mali ikikaa inakula hela."

Kumbe malipo ya Blessing yalinunua mbao za Mwalimu, na mbao za Mwalimu zilishakuwa kitanda cha mtu mwingine kabisa. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akacheka. Gaspar anacheka vizuri, ndiyo maana watu humsamehe, na hilo huniudhi kuliko uongo wenyewe.

Aliyekuwa hacheki ni mkewe, Jovina. Tangu waoane, nguo zake zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mke wa seremala! Naye akiuliza, jibu lilikuwa lile lile, bado vanishi tu. Kwa kuona haya, alimwambia mama yake kwenye simu kwamba ana kabati kubwa la mninga. Basi mama, Ma Kokuberwa, akapiga kutoka Bukoba kusema anakuja kumsalimia mwanawe.

Jovina alikuja dukani kwangu akakaa juu ya ndoo ya rangi, akalia. "Akikuta sanduku atajua nimemdanganya. Halafu atajua mume wangu ananichukuliaje." Nilimwonea uchungu mpaka nikatamani kumfuata Gaspar na nyundo.

Gaspar akalimaliza tatizo hilo kwa namna yake. Asubuhi ya siku ya mgeni alitafuta wapagazi, wakalibeba kabati mpaka chumbani, Jovina akatundika nguo zake. Ma Kokuberwa alipofika alilizunguka, akalipapasa, akaguna kwa kuridhika. Jovina akacheka mpaka jino la mwisho.

Ila karakana ilibaki tupu. Mwalimu Stanley alipita kuangalia kabati lake, akakuta vumbi la mbao, akaja kuniuliza. Ningeweza kusema sijui. Ulimi wangu hauna kufuli. "Liko chumbani kwa Gaspar, Mwalimu, nenda ukalione." Akaja Blessing, nikamwelekeza. Alipofika Mzee Gulamabbas nilifunga duka nikamsindikiza mwenyewe, maana jambo kama lile sikutaka kusimuliwa.

Tulimkuta Mwalimu kasimama mbele ya mgeni. "Shikamoo, mama. Samahani, hizi nguo za nani ndani ya kabati langu?"

"Lako?" Blessing akadakia. "Mie hilo nina picha yake kwenye simu!"

"Jamani, harusi ya Lubaba wiki ijayo," akasema Mzee Gulamabbas. "Wakwe nitawaambia nini?"

Gaspar aliinama. Wateja aliwadanganya huku anacheka, ila kumdanganya mama mkwe usoni? Kwao hilo halifanyiki.

Ma Kokuberwa hakupandisha sauti. "Jovina, kabati la nani hili?"

"La hao, Mama. Langu ni sanduku." Akaanza kutoa nguo zake, moja moja, bila kuambiwa na mtu, akizirudisha sandukuni. Mimi niliyekwenda kucheka, nilitamani ardhi inimeze.

"Bibi harusi atangulie," akaamua Ma Kokuberwa. "Na hawa wengine watapata. Mimi nilikuja kusalimia tu. Sasa siondoki."

Kesho yake alihamishia kiti karakanani. Akamwona Gaspar anapima mlango mmoja, anaukata, anaacha, anatafuta gundi.

"Mkwe, nyumbani kukiwa na harusi, tunamenya ndizi ya mgeni mmoja, tunaipika, ndipo tunamenya ya mwingine?"

"Hapana, Mama."

"Basi kata milango yote kwanza."

Kwa hela aliyomalizia Mzee Gulamabbas, mbao zote zilinunuliwa kwa mkupuo, na muuza mbao akapunguza bei. Vipande vilivyokuwa vinagawiwa mama ntilie kuwa kuni vikawa vigoda, vikauzwa pale pale mlangoni. Vanishi niliuza mpaka nikaagiza nyingine. Likatoka kabati la Mwalimu, likatoka la Blessing, na Gaspar akakonda kidogo.

Tukadhani mama sasa anakwenda zake. Akakaa. "Mkwe, na mimi nataka kabati. Sipandi basi kabla sijaliona."

Sijapata kusikia misumari ikipigwa kwa woga namna ile. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya Gaspar kumalizika kabla ya siku aliyoahidi. Lilipokuwa limesimama, Ma Kokuberwa alifungua mlango, akafunga.

"Kwangu ninayo mawili," akasema. "Hili mpelekee mke wako."

Jovina akaziba mdomo kwa khanga, machozi yakampita vidoleni. Gaspar alimtazama mkewe, akalitazama kabati, na mazoea yana taabu.

"Sawa, Mama. Ila bado vanishi tu."

Ma Kokuberwa akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kopo na brashi alivyonunua kwangu asubuhi ile, akampa. Kisha akakaa vizuri.