Besi Kwenye Chuma cha Kitanda

Mwimbaji wetu alipomaliza mkataba na kurudi Kampala, kiongozi wa bendi alinigeukia mimi. Tulikuwa tumebaki wanne, walinzi na madereva wa Doha, tukipiga rumba siku za Ijumaa kwenye sherehe za watu wa nyumbani.

"Wewe ndiye mwenye sauti," akasema. "Utaimba huku ukipiga gitaa lako la besi. Ukishindwa, kuna dereva mmoja kule Al Thumama anaweza vyote viwili."

Nilikasirika kweli. Bendi ile ndiyo iliyokuwa raha yangu pekee Uarabuni. Nikaapa huyo dereva hatanigusia gitaa.

Kuapa ni rahisi. Nikiimba, vidole vinafuata maneno. Nikivirudisha kwenye mdundo, maneno yananipotea.

Kambini kwetu Sanaiya, eneo la viwanda, spika ilikuwa marufuku, na besi bila spika haisikiki. Nikagundua kwamba nikibana ubao wa gitaa kwenye chuma cha kitanda cha deka, chuma kinaunguruma. Tatizo ni kwamba kitanda cha juu alilala Mtanzania mmoja wa Tanga, mkubwa kwangu, mlinzi wa zamu ya usiku. Alirudi asubuhi kulala, na mimi zamu yangu ilianza mchana.

Siku ya kwanza alivumilia kidogo, kisha akachungulia chini.

"Mdogo wangu, una ugomvi na mgongo wangu?"

"Samahani kaka. Naacha."

"Sijasema uache. Ukipiga sawasawa nalala vizuri tu. Ukikosea ndio naamka. Basi usikosee."

Nikakosea asubuhi baada ya asubuhi, naye akinigongea ubao wa kitanda chake kwa kisigino. Mwishowe akaanza kuniuliza maswali nikiwa napiga, nijibu bila kusimamisha vidole. Leo mesi wamepika nini? Mama hajambo? Nikajibu "wali", besi ikafa palepale. Kisigino kikashuka. Nikaanza upya, nimekunja uso.

Wiki zikapita hadi nikaweza kumsimulia kisa kizima cha msimamizi wangu aliyejifungia chooni, na vidole vikaendelea na kazi yao. Hapo ndipo nikaingiza wimbo, mstari mmoja mmoja.

Siku yangu ya kwanza kuimba na bendi ilikuwa kwenye karamu ya harusi, Ijumaa mchana, ukumbi mmoja wa Al Sadd. Nilimwomba kaka aje. Alikuja bila kulala tangu zamu ya usiku, bado na sare, akakaa kiti cha mbele kabisa.

Nikaingia ubeti wa kwanza, nikatoka salama. Kwenye ubeti wa pili kiongozi alinisogelea na gitaa lake, amenuna.

"Muone huyo rafiki yako. Anatuaibisha."

Nikatazama. Kaka alikuwa amelala fofofo, kidevu kifuani, mdomo wazi. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaimba wimbo mpaka mwisho, na hakuamka.