Fundi wa Mabirika

Mtafiti ninayechangia naye ofisi hasikilizi kanda, anazichakata. Neno hilo hulitamka akijipangusa viganja, viganja laini, kama mtu aliyetoka kulima. Hedifoni zake bado zimo ndani ya nailoni ya dukani. Wajane wa mtaa mzima walimsimulia ndoa zao, naye akazimimina kanda zote kwenye akili bandia, akaagiza chai, na kabla haijapoa alikuwa na kitabu.

Jana alinisomea sura anayojivunia, ya mafundi wa mabirika. Nikashangaa mafundi hao wametoka wapi. Akanionyesha maneno ya mjane mmoja: “Marehemu alikuwa mkono wa birika, mie na wanangu tukilala na njaa.” Nikamwambia, “Ndugu yangu, mkono wa birika ni bahili.” Akaiuliza mashine. Ikaomba radhi, ikamshukuru kwa umakini wake. Akanisomea radhi hiyo kwa sauti ya baba ambaye mwanawe amefaulu mtihani. “Umeona adabu yake, dada? Wewe hujawahi kuniomba radhi.” Nikamwambia basi aifute sura. “Niifute? Mhariri kaipenda kuliko zote!”

Kwa hiyo yule bahili atachapwa kitabuni kuwa fundi hodari, na njaa ya mkewe haitakuwamo. Nikamwuliza kama yule mama, alipofika kwenye njaa ya wanawe, alilia. Alifikiri kidogo, kisha akaigeukia kompyuta na kuanza kuiandikia swali langu.