Shikamoo Zilizotupeleka Mwambani

Nyinyi mliokulia mjini miaka ile, wenzangu wa Malindi ya Unguja na vichochoro vyake, mtanishuhudia: sisi kwenda pahala ilikuwa kazi ya wiki nzima. Kijana wa leo anaamka, anavaa miwani ya jua, anaingia garini, kesha fika pwani. Na kabla hajafika dunia nzima ishajua, maana kajipiga picha njiani na kuitangaza. Nikiwatazama wajukuu zangu huwa nacheka peke yangu. Zama zetu, mtu akitaka kwenda kuvua, hata paka wa jirani hakutakiwa ajue.

Nilikuwa msichana ninayekaribia kuwekwa ndani. Buibui langu lishashonwa, limekunjwa kabatini kwa mama, linanukia udi, nami kila nikipita mbele ya kabati lile naligeuzia uso. Mama alishasema: shule zikifunguliwa tu nitalivaa, na mambo ya kurukaruka pwani na wavulana basi tena. Na mwambani, kule wanakovua pweza maji yakikupwa, sijakanyaga hata siku moja! Kaka yangu Masudi alishakwenda, akarudi na majigambo ya kutuchosha, ungesema kamvua nyangumi. Nililia, nikasusa chakula, nikaacha kususa mchana kwa sababu mama alipika pilau, jioni nikasusa upya. Mwisho baba akachoka. Akasema niende mara moja, bamvua hili hili maji yakikupwa sana, na aniongoze shangazi Mwanaidi. Likishindikana, hakuna jingine.

Shangazi Mwanaidi alikuwa dada yake baba, kaolewa Jambiani, na mashimo ya pweza ya huko akiyajua moja moja. Alikuja mjini kutuchukua watatu: mimi, Masudi na mdogo wetu Kheri. Hata chai hajamaliza, akatukalisha chini kutupa masharti. Tutafute makubadhi makuukuu kwa ajili ya miiba ya baharini. Tutafute pakacha. Tutafute vyuma vyembamba vya kumchokolea pweza. Kisha akateremsha sauti.

"Na tukishatoka mlangoni, asitokee mtu akatuuliza tunakwenda wapi. Anayekwenda kuvua haulizwi. Tukiulizwa ni kisirani, tunarudi nyumbani papo hapo. Mimi sitaki kumrejesha mtoto wa mtu na mwiba wa samaki taa mguuni."

Jamani, asiulizwe mtu, Malindi! Mtaa ambao ukitoka na bilauri tupu unaulizwa unaipeleka wapi, na ukirudi nayo unaulizwa imekuwaje! Na mkabala wa mlango wetu ndipo alipokaa Bi Zeyana, bibi wa watu, mwema sana, ila kuanzia alfajiri yuko dirishani, na hapiti kiumbe bila ya kuulizwa. Nilimwona siku moja akimuuliza mbuzi. Nilipolisikia lile sharti nikageuka kulitazama dirisha lake.

Matayarisho yakaanza. Masudi alipotea saa nzima, akarudi na vyuma vyembamba vizuri, vyeusi, vinang'aa. Shangazi akakishika kimoja, akakipinda, kikapindika.

"Hiki mnakwenda kumvulia pweza au kumtekenya?"

Ikaja kujulikana kuwa ni mbavu za mwavuli wa baba. Mwavuli wenyewe ukabaki nyuma ya mlango umesimama kwa adabu, kitambaa kitupu, na sisi tukamuomba Mungu mvua isinyeshe mpaka tuondoke. Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akatuma kununuliwa vyuma vya kweli kwa mhunzi.

Halafu mafunzo. Chini ya ngazi palikuwa na tundu, shangazi akashindilia humo tambara la maji: huyo ndiye pweza. Unainama, unachokoa, unangoja akishike chuma, unavuta taratibu, usivute kwa pupa. Kheri alichokoa kwa nguvu zote, akatoka paka aliyekuwa kalala humo, akaruka juu ya sinia la mchele wa mama. Mama naye akatoka jikoni na mwiko. "Nyinyi watoto! Hamjafika pwani mshanivunjia nyumba!" Ila mama alijua vilevile kwamba anayekwenda kuvua haulizwi, na usiku alitukaangia maandazi, akayafunga katika kitambaa, asitie neno lolote la safari.

Kupita kwa Bi Zeyana tukakupangia njama. Masudi ndiye mwenye akili ya mambo hayo. Akasema mtoto aliyebeba juzuu haulizwi anakwenda wapi, kila mtu anajua anakwenda chuoni kusoma Kurani. Basi vyuma tutavikunja ndani ya mkeka, tuseme ni mkeka wa maalimu, na kila mmoja ashike juzuu yake kifuani, uso wa kichamungu. Tukaufanyia mazoezi uso huo mbele ya kioo. Wa Kheri haukukubali, kila akiufanya anacheka, tukamwambia atazame chini.

Alfajiri tukatoka. Shangazi mbele na buibui lake, sisi nyuma na juzuu na mkeka. Dirisha la Bi Zeyana liko wazi, kama kawaida. Akatutazama, akatabasamu, akatupenda na uchamungu wetu. Tukawa tunapita vizuri. Mara nikaona paji lake linakunjamana, na hapo hapo nikakumbuka: leo Alkhamisi! Chuoni kwetu Alkhamisi hakusomwi! Mtaa mzima unajua!

"Hebu," akaanza Bi Zeyana, "leo si Alkhamisi? Sasa nyinyi mna..."

"Shikamoo, Bi Zeyana!" nikapiga ukelele.

Sasa Bi Zeyana alikuwa mtu wa adabu za kale, na shikamoo ya mtoto haiachi ikaanguka. "Marahaba, mwanangu. Nasema, mna..."

"Shikamoo, Bi Zeyana!" Masudi huyo, kesha fahamu.

"Marahaba, baba. Mbona na mkeka, mna..."

"Shikamoo!" Kheri.

"Marahaba. Mna..."

"Shikamoo, Bi Zeyana!" Mimi tena, nshaanza kutembea kinyumenyume.

"Marahaba! Si ushaamkia wewe?"

Tukazizungusha shikamoo, huyu akimaliza huyu anadaka, na bibi wa watu anaitikia tu, marahaba, marahaba, pumzi zinamwishia, huku sisi tunasogea. Ikabaki kidogo tufike kwenye kona, na sisi sote watatu tumeishiwa na sauti kwa kicheko. Bi Zeyana akapata nafasi. Akavuta pumzi, akatoa kichwa chote nje ya dirisha.

"Mna..."

"Shikamoo, Bi Zeyana!"

Shangazi! Mtu mzima, ndani ya buibui, kapaza sauti kama mwenye kunadi samaki. Bi Zeyana akashtuka, akaitikia, nasi tukakata kona tukatimua mbio mpaka Darajani, shangazi akiwa wa kwanza.

Tukapanda gari la shamba, tukakaa juu ya vibao, tukatua roho. Hapo nikajiona nshafika. Gari likaunguruma. Utingo akaja anatikisa senti mkononi, akasimama mbele ya shangazi.

"Mnakwenda wapi?"

Yarabi! Hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria utingo. Masudi akainamisha kichwa. Kheri akajiziba mdomo. Mimi machozi yakanitoka hapo hapo, sikuweza kuyazuia, naliona buibui lile kabatini na sina tena siku nyingine. Shangazi akanitazama. Akanitazama muda mrefu, mpaka utingo akauliza mara ya pili.

"Jambiani," shangazi akamjibu, akampa nauli. Kisha akatugeukia, macho makavu kabisa. "Huyu kauliza nauli. Yuko aliyemsikia akiuliza safari?"

"Hatujamsikia!"

"Basi fungueni maandazi mle."

Nikaenda mwambani. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, nikatembea juu ya bahari kwa makubadhi ya baba, na pweza nikamtoa, mdogo lakini wangu, akanizonga mkono mpaka kiwiko nikapiga mayowe na sikumwachia. Shule zilipofunguliwa nikavaa buibui. Sikurudi tena kwa miaka mingi: kwanza baba, kisha mume, kisha malezi.

Leo wajukuu zangu wa kike wanakwenda pwani wapendapo, hakuna anayewafungia mlango, nami nafurahi, wallahi nafurahi. Wakifika wanakaa mchangani wanatazama simu. Mwaka jana walinichukua Jambiani. Maji yamekupwa vile vile, mwamba uko wazi vile vile, nami nikavua viatu, nikapandisha kanga. Safari hii hapakuwa na wa kunikataza, ila magoti.