Picha ya Kwenda Buluo

Kila mwisho wa mwezi, mama muuza makaa huleta simu yake kwa Déogratias, mchapaji picha wa sokoni Likasi, amtolee picha moja ya mjukuu wake, apate kumpelekea mwanawe aliyefungwa gereza la Buluo. Mikono yake haitakati. Vumbi la makaa limekaa kwenye mikunjo ya vidole, na mwanzoni lilihamia kwenye kamera, mtoto akaonekana kama yumo ndani ya moshi. Déogratias alimfundisha kufuta kioo kwa ncha ya kitenge, kuligeuzia jua mgongo, na kupiga magoti ili simu ilingane na macho ya mtoto. Yote ameyashika. Kabla ya kupiga hubana pumzi, kama mtu anayechomoa mwiba. Ni jambo moja tu halisikii: kila mwezi humsimamisha mtoto pale pale, ubavuni mwa mlango wa bati uliokula kutu, na kila mwezi Déogratias huukata mlango ule ili picha ipendeze.

Leo, kwa mara ya kwanza, mama ameishika picha kwenye kingo na kuitazama hapo hapo dukani.

“Pa Déo, mulango iko wapi?”

“Nilikata, mama. Ilikuwa inaharibisha picha.”

“Ile mulango, baba ya mutoto njo aliitengeneza na mikono yake. Anayua kitasa inamufikaka ku mukaba ya suruali.” Sauti yake haikupanda. “Sasa atapima mutoto wake na nini?”

Déogratias akaziwaza picha kumi na moja zilizokwisha kufika Buluo: mtoto mzuri, anayecheka, asiye na kimo.