Sanduku la Kengele Dukani Kwangu Malaba

Mimi hakuna kitu cha kunishtua chini ya jua. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba magunia Busia, nikakatwa panga begani pale Mundika na watu watatu, na wawili kati yao walirudi kwao wakichechemea. Uliza yeyote. Kwa mikono hii nilijenga duka la mabati na vyuma Malaba, kubwa kuliko la wenye digrii.

Fundi aliniletea sanduku la kengele lenye laini ya simu ndani. Mlango ukivunjwa, au moshi ukijaa, linapiga nambari ya kwanza. Isiposhikwa, linapiga ya pili. Ikishikwa, linatoa sauti niliyorekodi mwenyewe, "Duka linavunjwa! Kuja haraka!" halafu linanyamaza.

"Mzee, acha lingoje mtu abonyeze namba moja kwa simu yake, ndiyo lijue amesikia," fundi akasema.

"Nani atabonyeza-bonyeza na rungu mkononi? Toa hiyo. Mimi wa kwanza, polisi wa pili."

Jumapili moja mchana nikavuka kwenda upande wa Uganda kuangalia mahindi. Kama mtu yeyote wa mpakani, nikatoa laini ya Kenya, nikatia ya huko. Simu yangu ni ya laini moja.

Nilipokuwa narudi, nikabadilisha laini hapo darajani, na simu ikaniambia kuna ujumbe. Nikasikiliza. Ilikuwa sauti yangu, inanipigia kelele: "Duka linavunjwa!" Hiyo ilinishtua, nakubali. Sanduku lilipiga, likajibiwa na yule mama wa mtambo anayesema acha ujumbe, likadhani ni mimi. Polisi hawakupigiwa.

Nikakimbia. Dereva mmoja kwenye foleni ya trela akapaza sauti, "Boss, kwako wanaua mtu!"

Mlinzi wangu, mzee wa Adungosi, alikuwa amelala mlangoni, mkono wa kushoto unaning'inia kwa ngozi. Bado alikuwa amemng'ang'ania mwizi mguu kwa ule wa kulia, na mwizi anamkanyaga uso. Nikachukua nondo. Taya ya yule kijana ilivunjika kama muwa. Wa pili nilimpiga goti, akatambaa hadi mtaroni. Wengine wawili waliruka ukuta.

Watu wakajaa. "Lete tairi! Achomwe!"

"Tairi baadaye!" nikawafokea. "Leteni gari, mzee anakwisha!"

Nilimfunga mkono kwa shati langu, damu ikapita, nikaongeza mshipi. Njiani akafungua jicho moja.

"Boss," akasema, "sanduku lako hata mbwa wangu analishinda kubweka."

"Nyamaza, mzee. Usinifie kwa gari ya watu."

Hakufa. Mkono ulikatwa, na sasa anaketi kwake, mshahara wake namlipa bado. Sikuitisha harambee. Nililipa hospitali mwenyewe, noti juu ya noti: shilingi laki mbili, elfu kumi na nne, mia sita na hamsini.