Gari Lililorudi Alice

Pickett, muuza magari makuukuu, alianza kwa kuzitazama ndala za Valda. Macho yakapanda polepole hadi kwenye sketi, yakaupita uso haraka haraka, kisha yakatazama nyuma yake kuona amekuja na nani. Hakuja na mtu.

"Mwenye pesa yuko wapi?"

"Ni mimi," Valda akasema.

"Wewe mama?" Akachekea puani. "Haya. Dunia ina mambo."

Huku Alice Springs, katikati ya Australia, watu wa namna ya Pickett tumewazoea. Mzungu akiingia kwenye yadi yao ya magari na kaptula iliyochanika, anapewa maji baridi na kuulizwa habari za watoto. Mtu mweusi, mwenyeji wa asili wa nchi hii, akiingia na pesa zake mkononi, anaulizwa kapotea njia. Nimechoka kulisema jambo hili, lakini siwezi kulisimulia la Valda nikaliruka.

Valda alikuwa amepita miaka hamsini. Alizaliwa kwenye ranchi ya ng'ombe upande wa magharibi, kule lami inapoisha, ambako baba yake alipanda farasi wa tajiri maisha yake yote akilipwa unga, sukari na majani ya chai. Gari alifundishwa kuendesha akiwa msichana, kwenye lori la kubebea maji, na hakuna aliyemsifu wala kumlaumu. Siku hizi alikuwa mpishi wa shule moja hapa mjini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akiwa amekupa kisogo, anakoroga chungu. Alimzika mume. Kisha akamzika mwanawe, na tangu hapo hata yale maneno machache yakapungua.

Alitaka gari kwa sababu moja. Mama yake, Dulcie, alikuwa mjini kwa miaka kwa ajili ya figo, kwenye hosteli ya wagonjwa, akifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila baada ya siku chache. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuita mji huu kwao. Sasa alikuwa amesema basi. Alimwambia daktari hivyo mwenyewe, akakunja blanketi lake, akaketi ukingoni mwa kitanda na kusema anataka kwenda kufia nyumbani. Daktari akamwita Valda pembeni: bila mashine, siku zake ni za kuhesabu. Ndege ya wagonjwa ilikuwa na foleni. Magari ya ukoo nayo ndiyo hayo: moja limesimama juu ya mawe halina magurudumu, jingine limekwenda msibani kaskazini, na kwetu gari likienda msibani halijulikani litarudi lini. Pesa alizokuwa ameweka Valda kwa miaka zingenunua gari moja kuukuu, si zaidi. Alikuwa amezunguka yadi zote asubuhi ile. Ya Pickett ilikuwa ya mwisho.

"Kwa pesa hiyo ninalo moja tu," Pickett akasema. "Lile jeupe pale."

Lilikuwa gari refu la familia, limepigwa rangi mpya iliyoingia mpaka kwenye mipira ya madirisha. Nyuma lilikuwa na nafasi ya kulaza godoro. Valda alipoona nafasi ile moyo wake ukatulia kidogo. Akilini alimwona mama yake amelala pale.

"Nataka kulijaribu barabarani."

"Leseni."

Akampa. Pickett akaigeuza juani, akaikwangua kwa kucha, akaitia kwenye mfuko wa shati lake. Kisha akachukua nailoni akaitandika kwenye kiti cha dereva, anainyoosha kona kona.

"Si kwa ubaya," akasema. "Viti vimetoka kusafishwa."

Valda alisimama akamwangalia mpaka akamaliza. Kuna watu wangeondoka hapo, na ingekuwa shida ni yake peke yake angeondoka. Lakini Dulcie alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Akaketi juu ya nailoni.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma sana, miguu yake haikufika kwenye klachi. Akakivuta mbele. Walipotoka getini, Pickett akaanza kazi yake.

"Polepole mama, hapa si porini. Unajua gia ya tatu iko wapi? Taa nyekundu hiyo, unaiona? Eti nyekundu ndiyo ya kusimama."

"Naiona."

"Nauliza tu. Juzi alikuja mwenzenu mmoja akanigongea nguzo."

"Mwenzetu nani?"

"Si mwenzenu tu. Mnajuana nyie." Akashusha kioo chake akatema mate nje. "Na mkishalichukua msije kulijaza watu kumi na wanne na mbwa, halafu mniletee mnalia springi zimekatika. Nikiuza nimeuza."

Valda akavuka Mto Todd, mchanga mtupu kama kawaida yake, akashika barabara ya mashariki. Gari lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomsumbua: lilikuwa zuri kwa namna aliyoifahamu. Lilivuta pumzi kidogo kabla ya gia ya nne, na yeye alikuwa amekwisha kuliachia hiyo pumzi kabla hajafikiri.

Upepo wa vumbi ukawajia. Pickett akazungusha mkono wa kioo, kioo kikapanda nusu kikakwama. Akazungusha tena, akatukana.

"Hili dude! Fundi ameniambia limepona."

Valda akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya kifua cha Pickett, akabandika kiganja katikati ya kioo, akakisukuma nje kidogo. "Zungusha sasa," akasema.

Kioo kikapanda mpaka juu, taratibu.

"Umejuaje?" Pickett akauliza.

Valda alikuwa anakitazama kiganja chake. Kilikuwa kimefanya jambo hilo mara nyingi sana akiwa ameketi upande ule wa abiria, na kijana wake mrefu ameshika usukani, anacheka, anamwambia, "Mama, kiganja!"

Kwetu mtu akifa jina lake halitamkwi tena. Nyumba yake inahamwa, nguo zake zinachomwa. Gari lake, kama si la kuchoma, linafukizwa moshi wa majani mabichi na kupelekwa mbali, kwa watu wasiomjua, ili naye asione njia ya kurudi kwa wanaomlilia. Kijana huyu moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni. Alianguka uwanjani mpira ukiwa bado hewani, hakuinuka. Mjomba wake, Clarrie, kaka yake Valda, alilichukua gari kutoka pale lilipoegeshwa, likiwa jekundu, akalipeleka kaskazini mwendo wa siku nzima, akabadilishana na watu wa huko kwa jenereta na magodoro. Alirudi, akasimama mlangoni, akasema, "Limekwenda." Valda akaamini limekwenda. Hakuna aliyefikiria kwamba watu wa kaskazini nao wana shida zao, nao huuza, na kwamba huku nchini kila gari kuukuu mwisho wake ni yadi za Alice.

Miaka miwili alikuwa hatazami magari mekundu. Akaja kukalishwa ndani ya lile lile, limepakwa nyeupe.

Akaegesha pembeni, akazima. Hakuogopa kwamba mwanawe yumo ndani. Aliogopa kwamba alitaka awemo.

"Nini tena?" Pickett akasema. "Mbona umesimama?"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Huwezi kuendesha au huwezi kulipa? Sema ukweli tu mama, pesa huna."

Angemwelezaje? Jina halisemwi, na bila jina hakuna habari. Akafungua mlango, akashuka, na nailoni ikamfuata imeng'ang'ania sketi. Akaibandua, akaikunja vizuri, akairudisha kitini.

"Leseni yangu."

"Njoo uichukue yadi! Unanipotezea mchana mzima halafu unishukie njiani?" Alikuwa amehamia kwenye usukani. "Ndiyo maana siwapi nyie magari!" Akaondoka, vumbi likabaki na Valda.

Alirudi mjini kwa miguu, na njiani alilia kwa sauti, kwa vile hapakuwa na wa kumsikia. Jioni alikwenda hosteli. Dulcie uso ulikuwa umeanza kuvimba. Blanketi lilikuwa bado limekunjwa magotini.

"Gari liko wapi?"

"Sijapata, mama."

"Usinidanganye, mwanangu. Umelipata, likakukataa. Naona."

Basi Valda akamwambia, bila jina, kwa kuzunguka zunguka kama tunavyofanya: lile la kioo, lile lililokuwa jekundu. Alitegemea mama yake ataziba masikio. Dulcie alifikicha vidole.

"Wewe huwezi kulipanda kwa sababu wewe unabaki," akasema. "Mimi ninakokwenda ndiko aliko. Nimwogope wa nini? Kaniletee."

"Mama, ni mwiko."

"Mwiko ni wangu na wako, tutaubeba. Clarrie alifukize tena. Kaniletee, Valda. Sitaki kufia kwenye kitanda hiki cha plastiki."

Asubuhi alikuwa getini kwa Pickett kabla minyororo haijafunguliwa. Pickett alimwona, akaenda kunywa chai yake, akaimaliza, akaja.

"Ohoo, mtembezi! Leo tunashukia wapi?"

"Nalichukua."

"Bila kulijaribu? Nikutandikie nailoni?"

"Nalijua. Lilikuwa la mwanangu," Valda akasema. "Amekufa."

Pickett akamwangalia usoni, mara ya kwanza tangu wajuane, na kwa kitambo kidogo ungesema atavua kofia. Kisha akatikisa kichwa.

"Hizo hadithi nazijua. Bei haipungui, mama."

"Sikukuomba upunguze."

Alilipa, akapokea ufunguo na leseni yake, ambayo Pickett aliitoa kwenye mfuko wa shati lile lile la jana. Valda ananiambia kwamba mambo yote ya yule bwana ameyasamehe, hata nailoni, lakini si lile la hadithi. Mimi sijamsamehe hata moja.

Clarrie alikusanya majani mabichi nyuma ya hosteli, akayawasha, akafungua milango yote minne. Moshi ukaingia mweupe, mzito, ukatokea upande wa pili. Alikuwa anafukiza huku analia, mwanamume mzima, kwa aibu ya kwamba kitu alichokitoa yeye kimerudi. Alipotaka kuongeza majani, Dulcie alimwita kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

"We Clarrie! Inatosha. Usimfukuze sana. Nani atanisindikiza?"

Wakamlaza nyuma juu ya godoro, kichwa upande wa dereva, na Valda akashika usukani. Clarrie hakupanda, alisimama kwenye moshi mpaka walipokata kona.

Lami iliisha, ikaja barabara nyekundu. Valda hakugeuka hata mara moja kutazama kiti kilichokuwa wazi kando yake. Saa nzima aliendesha hivyo, shingo imekakamaa, hofu na hamu vinamvuta huku na huku. Milima ya kwao ilipoanza kuonekana, Dulcie akasema kwa sauti ndogo:

"Mwambie asikimbize."

Valda akatazama mbele. Tangu siku ya uwanjani alikuwa hajamwambia mwanawe neno hata moja, wala kaburini.

"Mwanangu," akasema, "punguza mwendo. Bibi yako anataka kuitazama milima."

Akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likapunguza.